Takwimu ziliposema nyumba ya wajawazito inaua watoto

Jedwali la kwanza la tasnifu yangu lilikuwa na habari mbaya. Akina mama waliokaa kwenye nyumba ya kusubiria kujifungua walikuwa wamepoteza watoto wengi zaidi, kwa uwiano, kuliko wale waliofika hospitali uchungu ukiwa umeshaanza. Tofauti haikuwa ya kupuuza, na thamani ya p (uwezekano wa kuona tofauti kubwa hivyo kwa bahati tu) ilikuwa ndogo kiasi cha kumfurahisha mwanafunzi yeyote anayetaka kuhitimu. Kama ningeandika hivyo hivyo, halmashauri ingekuwa na sababu ya kisayansi ya kulifunga jengo ambalo wananchi wenyewe walilichangia matofali.

Naandika haya kwa wanaoanza utafiti wa uzamili katika afya ya jamii, hasa wale wanaotegemea madaftari ya hospitali kwa kuwa hawana fedha za kufuatilia wagonjwa wao wenyewe. Darasani mtafundishwa konfaunda, yaani kitu cha pembeni kinachopotosha ulinganisho, mtaieleza vizuri kwenye mtihani na mtapewa alama zote. Kazini mtakutana nayo na hamtaitambua.

Hospitali sitaitaja. Ipo kusini mwa Tanzania, kwenye wilaya ambayo mvua zikikolea baadhi ya vijiji havifikiki kwa gari. Nyumba ya kusubiria ni chumba kirefu chenye vitanda vichache, jiko la kuni nje na bomba moja. Mjamzito anayekaribia tarehe zake huambiwa kliniki aje akae hapo na ndugu wa kumpikia, mpaka uchungu umshike. Wazo lenyewe ni la zamani, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza nyumba za namna hii kwa maeneo ya mbali yenye huduma finyu, huku likikiri kwamba ushahidi uliopo ni wa ubora wa chini sana. Kukiri huko ndiko kulikonivuta. Nikaona hapa kuna pengo, na daftari lipo.

Madaftari yalikuwa mawili. La kwanza ni daftari la MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za afya, la wodi ya wazazi: umri wa mama, mimba ya ngapi, njia ya kujifungua, uzito wa mtoto, alama za Apgar (za hali ya mtoto dakika za kwanza), hali ya mtoto anapotoka. La pili ni kaunta buku la nyumba ya kusubiria, lililopigwa mistari kwa rula: jina, kijiji, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka. Kazi ilikuwa kuyaoanisha kwa jina na tarehe, jambo lisilo jepesi kwenye wilaya ambako kila kijiji kina akina Zainabu na Asha wa kutosha. Vijana wangu wawili wa kukusanya takwimu walifanya kazi hiyo kwa uaminifu. Waliingiza kila safu iliyokuwa kwenye fomu yetu.

Lakini pembeni mwa majina mengi kwenye lile kaunta buku kulikuwa na alama za kalamu nyekundu: “1PS”, “BOH”, “Twin”. Aliyewahi kufanya kazi leba anazijua. Ya kwanza ni mama mwenye kovu moja la upasuaji, ya pili ni aliyewahi kupoteza mimba au mtoto wakati wa kujifungua, ya tatu ni mapacha. Fomu yetu haikuwa na nafasi ya maandishi ya pembeni, kwa hiyo hakuna aliyeyaingiza.

Matokeo nilimpelekea kwanza muuguzi mfawidhi wa wodi ya wazazi, mama wa makamo aliyekuwa anakaribia kustaafu, kabla hata ya kumtumia msimamizi wangu. Ilikuwa adabu tu: ndiye aliyenifungulia kabati la madaftari. Akaliangalia jedwali, akavua miwani.

“Dokta, kwani wewe unadhani pale tunamlaza nani?”

“Wanaotoka mbali, mama.”

“Wa mbali wapo. Ila vitanda umeviona. Mwenye kovu, mwenye mapacha, mwenye presha, aliyezaa mtoto mfu mwaka juzi, huyo hata akikaa hapo nyuma ya soko namwambia aje alale. Mimba ya tatu, mbili za kwanza kazaa salama, huyo namwambia subiri kwako, ukisikia uchungu panda bodaboda. Sasa wewe umewachukua wangu wote wa hatari ukawalinganisha na wazima, halafu unaniambia nyumba inaua.”

Hakuna kitabu kilichonieleza jambo hili vizuri kuliko yeye. Konfaunda ni kitu cha tatu kinachofanya mambo mawili kwa wakati mmoja: kinamsukuma mtu apate au akose kile unachokichunguza, na chenyewe kinaathiri matokeo, bila kuwa hatua ya katikati kati ya hivyo viwili. Hapa kitu cha tatu kilikuwa hatari ya mimba. Ilimfanya mkunga amwambie mama aje alale, na hiyo hiyo ilimweka mtoto hatarini. Kwenye hospitali zetu aina hii ndiyo inayosumbua kuliko zote: mgonjwa anapewa huduma kwa sababu hali yake ni mbaya, hali mbaya inamuua, lawama inaangukia huduma.

Nitatumia namba za kutunga ili hesabu ionekane. Si za utafiti wangu. Tuseme akina mama ni 1,000. Wenye hatari kubwa ni 300, na kati yao 200 walikaa kwenye nyumba, 100 hawakukaa. Wenye hatari ndogo ni 700, na kati yao 100 walikaa, 600 hawakukaa. Kwa wenye hatari kubwa, waliokaa walipoteza watoto 12 kati ya 200, yaani asilimia 6, na wasiokaa walipoteza 10 kati ya 100, yaani asilimia 10. Kwa wenye hatari ndogo, waliokaa walipoteza mtoto 1 kati ya 100, wasiokaa 9 kati ya 600, yaani asilimia 1 dhidi ya 1.5. Kila kundi, ukilitazama peke yake, linasema nyumba inasaidia. Sasa wachanganye. Waliokaa: vifo 13 kati ya 300, asilimia 4.3. Wasiokaa: 19 kati ya 700, asilimia 2.7. Ghafla nyumba inaonekana kuongeza vifo kwa zaidi ya nusu. Hakuna namba iliyoghushiwa na hakuna aliyekosea kujumlisha. Ukitumia njia ya Mantel na Haenszel inayolinganisha ndani ya kila kundi kisha kuunganisha majibu, ya mwaka 1959 na inayofanyika hata kwa kikokotoo cha simu, unapata uwiano wa hatari (hatari ya waliokaa ukiigawa kwa ya wasiokaa) wa 0.61 badala ya ule wa 1.6 wa mchanganyiko.

Ushauri wangu wa kwanza, na kama una muda wa kusoma mmoja tu basi soma huu: kabla hujaandika dodoso au fomu ya kukusanyia takwimu, nenda ukakae na watu wanaoamua nani apate hicho unachokichunguza. Kama ni dawa, kaa na anayeandika dawa. Kama ni chandarua, kaa na anayegawa, kisha uulize ni nani hubaki bila. Usiwaulize kuhusu konfaunda, watakushangaa. Waulize, “Mtu wa namna gani unampa, na wa namna gani humpi?” Majibu yao yote yageuze safu kwenye fomu. Asubuhi moja ya kukaa kwenye benchi la kliniki haina gharama. Kurudia kazi kuna gharama, na sasa naieleza.

Kibali chetu cha maadili kiliruhusu madaftari tu. Kufungua mafaili ya wagonjwa ni jambo jingine, na ni sawa liwe hivyo. Ilibidi kuandika ombi la marekebisho, kulipia, kusubiri, kisha kurudi kwa mganga mkuu wa wilaya na barua mpya. Wakusanya takwimu walistahili posho upya kwa sababu hawakuwa wameharibu chochote. Nilikopa SACCOS. Wenzangu walivaa joho mwaka huo, mimi nikawapigia picha. Sisemi haya ili nionewe huruma. Nasema ili ukipanga bajeti ya utafiti uweke fungu la kurudi uwandani, hata dogo, maana hakuna atakayekupa baadaye.

Halafu kuna jambo ambalo wanafunzi wasiotoka wodini hawalijui: kadi ya kliniki ya mjamzito hukaa na mama mwenyewe. Historia yote ya mimba, presha ya kila hudhurio, damu, mimba zilizopita, vyote vinarudi nyumbani na yeye ndani ya mfuko wa nailoni. Hospitali inabaki na faili la kulazwa, ambamo mkunga wa zamu ananakili anachoona kina maana usiku huo. Kwa hiyo tulichoweza kupata ni kovu, mapacha, mimba zilizopita na presha ya siku ya kulazwa.

Presha ilitutesa. Presha ya leba si presha iliyomfanya mkunga aamue wiki tatu nyuma. Katikati ya hapo mama anaweza kuwa amepewa dawa, au hali imebadilika. Konfaunda inapaswa kupimwa kabla ya uamuzi, si baada. Tuliishia kutumia presha pale tu ilipoandikwa kwenye kaunta buku siku ya kuingia au kwenye maelezo ya rufaa kutoka zahanati, na pengine pote tukaandika “haijulikani.” Msimamizi wangu alisisitiza tusijaze “kawaida” kwa kukisia, na leo namshukuru.

Mafaili mengine hayakuwepo kabisa. Tulidhani yamepotea kibahati, kama yanavyopotea siku zote, mpaka kijana wangu mmoja alipogundua kwamba mengi kati ya yale yaliyokosekana yalikuwa ya akina mama waliopoteza watoto. Yalikuwa yametolewa masijala kwa ajili ya vikao vya kupitia vifo vya uzazi na vya watoto wachanga, na hayakurudishwa. Tuliyakuta ndani ya kabati la chuma ofisini kwa matroni, yamefungwa kwa kamba. Tungeendelea bila hayo tungekuwa tumewatoa kwenye hesabu watoto wale wale tuliokuja kuwahesabu. Kwa hiyo ukiona faili halipo, usiandike “limekosekana” ukaendelea. Uliza ni mafaili ya nani yanayokosekana na yanakwenda wapi.

Na tulipoyapata tulibadili utaratibu. Mtu mmoja alisoma maelezo ya kabla ya kujifungua tu, karatasi za mwisho zikiwa zimebanwa kwa klipu, akajaza hatari. Mwingine akajaza hali ya mtoto. Ukishajua kwamba mtoto alifariki, macho huanza kuona hatari hata pale mkunga hakuiandika. Ni jambo la kibinadamu na huwezi kulizuia kwa kuambiana kuwa makini.

Kurudi chuoni kukaleta ubishi mwingine. Mtaalamu wa takwimu niliyemlipa, kijana mwenye akili sana, aliniambia nichukue kila kitu nilichonacho nikiweke kwenye regresheni, hesabu inayopima vigezo vingi kwa pamoja, kompyuta itachagua. Kwake utaratibu ulikuwa ule ule ninaouona kwenye tasnifu nyingi za maktaba yetu: pima kila kigezo peke yake, kilichopata p chini ya 0.2 kiingie kwenye modeli, kilichobaki kitoke. Nina maoni makali kuhusu desturi hii na sitayaficha: ingekomeshwa. Thamani ya p haijui kipi kilitangulia kipi. Konfaunda ya kweli inaweza kutupwa nje kwa sababu sampuli ni ndogo, na kitu kisichopaswa kuingia kikaingizwa kwa sababu kina uhusiano mkubwa.

Kilichokuwa kinaingia kwetu ni upasuaji. Ulikuwa na uhusiano mkubwa na kila kitu. Lakini fikiria nyumba ya kusubiria inamsaidiaje mama mwenye kovu. Godoro halimsaidii. Anasaidika kwa sababu uchungu ukianza yuko hatua chache kutoka chumba cha upasuaji, anafanyiwa upasuaji mapema badala ya kufika na mfuko wa uzazi uliopasuka. Upasuaji wa mapema ndiyo njia yenyewe ambayo nyumba inafanyia kazi. Ukiusawazisha kwenye modeli, yaani ukilinganisha tu mama wenye hali sawa ya upasuaji, umeiuliza kompyuta: mbali na njia inayoifanya nyumba isaidie, je, nyumba inasaidia? Itajibu hapana, na itakuwa imejibu swali lako sawasawa.

Uzito wa mtoto nao una mtego wake, na huo una historia. Tangu miaka ya 1960 na 1970 watafiti walikuwa wakishangaa kwamba watoto wenye uzito mdogo wa mama wavutaji wa sigara walionekana kufa kwa uwiano mdogo kuliko watoto wenye uzito mdogo wa mama wasiovuta. Wapo waliojiuliza kama sigara si mbaya kama inavyosemwa. Jibu linalokubalika zaidi sasa ni kwamba ukijifungia kwenye watoto wadogo tu, asiyevuta ambaye mtoto wake ni mdogo ana sababu nyingine iliyomfanya awe mdogo, na sababu hizo, kasoro za kuzaliwa kwa mfano, mara nyingi ni mbaya kuliko sigara. Kusawazisha kitu kilichotokea baadaye kunaweza kuzaa upotofu ambao haukuwepo.

Tulichora mishale, kutoka kila sababu kwenda kwenye matokeo yake. Kuna programu ya bure iitwayo DAGitty inayofunguka kwenye kivinjari na kukuambia, kwa mchoro uliochora, usawazishe vipi na uache vipi. Ni nzuri, itumie. Lakini mchoro wetu wa maana ulichorwa nyuma ya kalenda ya ukutani, mezani kwa wakunga, wakati wa chai. Mimi nikichora mshale, wao wanauliza, “Huu unatoka wapi?” Mkunga mmoja kijana ndiye aliyeongeza umbali: anayetoka mbali ana uwezekano mkubwa wa kuambiwa akae, na umbali wenyewe ni hatari. Mwingine akaongeza mume. Mama asiye na wa kumwachia watoto na shamba hawezi kukaa wiki mbili hospitali hata akiambiwa, na mama huyo huyo mara nyingi ndiye mwenye hali duni. Umbali tuliweza kuukadiria kwa kijiji, kilomita za barabara, ingawa kilomita ishirini za Agosti si zile za Februari. Hali ya nyumbani haikuandikwa popote. Mshale tuliuchora hivyo hivyo, na pembeni yake tukaandika “hatukupima.”

Baada ya yote hayo, ziada ya vifo kwa waliokaa ilitoweka, na mwelekeo ukageuka upande wa nyumba kusaidia. Lakini wigo wa uhakika wa asilimia 95 ulikuwa mpana na ulivuka moja, namba inayomaanisha hakuna tofauti. Kwa lugha ya kawaida: hatukuthibitisha kwamba nyumba inaokoa. Tulionyesha tu kwamba takwimu zile haziwezi kutumika kudai inaua. Kwa mtu aliyekopa fedha, haya si matokeo ya kufurahisha. Nilijaribiwa kugawa makundi upya mpaka wigo ukae sawa, na niliishia njiani kwa sababu mpango wa uchambuzi ulikuwa umeshasainiwa na msimamizi kabla ya uchambuzi wenyewe. Ushauri: uandike na usainiwe kabla. Ni kinga yako wewe dhidi yako wewe, saa nane usiku.

Siku ya kutetea, mtahini wa nje aliniuliza swali nililoliogopa. Nimejuaje kwamba ni hatari ya mimba tu? Huenda nyumba ina madhara kweli, maambukizi kwa mfano, na mimi nimepata kisingizio kizuri cha kuyafuta.

Swali hilo lina uzito, na Afrika Mashariki ina ushahidi wake. Kwa miaka mingi watoto waliofika wodini na homa kali na dalili za mzunguko duni wa damu walipewa maji mengi ya mshipani kwa haraka, na walipokufa tulisema ni kwa sababu walikuja wakiwa wabaya. Jaribio la FEAST, lililofanyika Uganda, Kenya na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, liliwagawa watoto 3,141 kwa bahati nasibu. Ndani ya saa 48, waliopewa maji ya haraka walikufa kama asilimia 10.5, wasiopewa asilimia 7.3. “Alikuja akiwa mbaya” kilikuwa kisingizio kizuri, na nyuma yake kulikuwa na madhara ya kweli.

Dar es Salaam nayo ina somo lake. Mwaka 1994 utafiti wa Malawi ulionyesha kwamba mama wenye VVU waliokuwa na vitamini A kidogo kwenye damu waliwaambukiza watoto wao zaidi. Ilionekana wazi: wape vitamini A. Mwaka 1995 jaribio lilianza Dar es Salaam kwa wajawazito 1,078 wenye VVU, na matokeo yakaja kinyume: waliopewa vitamini A waliambukiza zaidi, si pungufu. Kiwango cha vitamini A kwenye damu hushuka mtu anapougua, kwa hiyo kile kiwango cha chini kinaweza kuwa kilikuwa alama ya ugonjwa uliokolea. Msimamizi wangu aliniambia nizisome tafiti hizi mbili kwa pamoja, meza moja, jioni moja. Nami nawaambia hivyo hivyo.

Wala si kila uhusiano unaoshukiwa huanguka. Kwa tohara ya wanaume na VVU, miaka ya mashaka ilisemwa kwamba ni dini na mienendo tu, wanaotahiriwa wanaishi tofauti. Kisha yakaja majaribio ya Orange Farm (Afrika Kusini), Kisumu (Kenya) na Rakai (Uganda) kati ya 2005 na 2007, na kinga ikaonekana, kati ya asilimia 50 na 60 hivi. Kutaja konfaunda bado si kuthibitisha kwamba ndiyo iliyoleta matokeo.

Kwa hiyo nilimjibu mtahini kwamba sijui kwa hakika, na nikamwonyesha nguvu ya kutojua kwangu. Kuna kipimo kiitwacho E-value, kilichopendekezwa na VanderWeele na Ding mwaka 2017, kinachosema konfaunda usiyoipima ingehitaji kuwa na nguvu kiasi gani ili kuyafuta matokeo yako. Kwa uwiano wa 0.61 wa mfano wetu wa juu, unageuza kuwa 1.64, unazidisha 1.64 kwa 0.64, unatafuta kipeuo cha pili, unajumlisha na 1.64: unapata kama 2.66. Yaani hali ya nyumbani ingepaswa kuhusiana na kukaa, na pia na kifo cha mtoto, kwa uwiano wa 2.66 kila upande. Kwa wilaya ile, jambo hilo si la kufikirika tu. Nikamwambia hivyo. Alitikisa kichwa na kuandika kitu.

Kilichonisumbua zaidi ni jambo ambalo yeye hakuuliza, nikalitaja mwenyewe. Daftari la wodi ya wazazi lina waliofika. Mama aliyeambiwa asubiri kwao, uchungu ukamkuta mvua imekata barabara, mtoto akafia njiani na akazikwa kijijini, hayumo. Huyo ni wa kundi la wasiokaa, na kutokuwepo kwake kunalifanya kundi hilo lionekane salama kuliko lilivyo. Hakuna regresheni inayomrudisha. Upotofu huu unaweza pia kuelekea upande mwingine. Hospitali ya Attat nchini Ethiopia ilichapisha mwaka 2010 takwimu zake za miaka 22: watoto wafu karibu 18 kwa kila 1,000 kwa waliopita kwenye nyumba ya kusubiria, dhidi ya 191 kwa waliokuja moja kwa moja. Pengo kubwa namna hiyo haliwezi kuwa kazi ya nyumba peke yake. Ni rahisi kudhani kwamba kule wengi waliokuja moja kwa moja walikuja kwa sababu mambo yalikuwa yameshaharibika nyumbani. Nyumba za aina moja, madaftari ya aina moja, picha mbili zinazopingana, na yote yanategemea nani alifika mlangoni na kwa nini.

Nilipitishwa na marekebisho. Mengi yalikuwa ya tahajia, na moja la maana: mtahini alitaka niondoe aya nilizotafsiri kila kigezo kwenye jedwali la regresheni kana kwamba kila kimoja kilikuwa swali la utafiti. Alikuwa sahihi. Modeli ile ilijengwa kujibu swali la nyumba tu. Namba ya umri iliyomo humo haijasawazishwa kwa ajili ya umri, na kuiandikia “umri unaongeza hatari kwa kiasi hiki” ni kuisemesha kitu ambacho haikuulizwa.

Nakala ya tasnifu niliipeleka hospitali. Muuguzi mfawidhi hakuisoma yote, alisoma muhtasari, akaniita tukae tutengeneze safu mpya kwenye kaunta buku: sababu ya kumlaza. Tulikubaliana kovu, mapacha, presha, kupoteza mtoto awali, umbali. Akataka kuongeza “nyingine, taja.” Nilimsihi asiiweke, kwa sababu wote wataishia kujaza hiyo bila kutaja. Ameiweka.